Jina na Hukumu: Msamiati wa Nyota katika Kikantoni

Ajifunzaye msamiati wa lugha ya kigeni hudhani kwamba anachopokea ni majina matupu, na kwamba hukumu huja baadaye, katika matumizi. Makala hii inakusudia kuihoji dhana hiyo kwa kuangalia majina ya vitu vya angani katika Kikantoni, lugha ya Hong Kong, Makau na sehemu kubwa ya mkoa wa Guangdong, Uchina.

Mwanzoni dhana hiyo huelekea kuwa sahihi. Nyota ni *sing*. Mwezi, katika usemi wa kila siku, ni *jyut gwong*, yaani nuru ya mwezi. Ule ukanda mweupe unaokata anga ni *ngan ho*, mto wa fedha. Kimondo nacho ni *lau sing*, nyota itiririkayo. Hapa hapana adhurikaye kwa jina.

Utata hujitokeza katika *sou baa sing*, nyota ya ufagio, ambayo ni nyota yenye mkia. Neno lilo hilo ni tusi kwa mtu, hasa mwanamke, anayedaiwa kuleta nuksi. Mume akifilisika au mkwe akifariki, mke huweza kuitwa hivyo. Ilhali Wachina wenyewe waliiandikia kumbukumbu nyota ya Halley mwaka 240 kabla ya Kristo. Na mwaka 1705 Edmond Halley alitabiri kurejea kwake, nayo ikaonekana tena mwaka 1758. Kitu kirejeacho kwa hesabu, kila baada ya miaka 76 hivi, hakingoji harusi ya mtu.

Je, dhamana ya mwanafunzi ni ipi? Akilikataa neno, hatamwelewa atukanaye wala atukanwaye. Akilitumia bila kutafakari, atakuwa ameshiriki katika hukumu ya kesi asiyoisikiliza. Kwa hiyo hana budi kulijua neno pasipo kuafikiana nalo.

Wala Mswahili hana sababu ya kujiona safi. Katika lugha yake, nyota ya mtu ni bahati yake, na aitwaye kisirani hutwikwa misiba asiyoisababisha. Tofauti ni kwamba neno la nyumbani limezoeleka hata likadhaniwa kuwa maelezo tu. Huenda faida kuu ya kujifunza tusi la wengine ni hiyo: kulisikia la kwetu, kwa mara ya kwanza, kama hukumu.