Yeremia Aliandika Hati

Andiko: Yeremia 32:6–15



Yeremia alinunua shamba la Anathothi akiwa kizuizini, na jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu. Mungu mwenyewe ndiye aliyemwambia anunue. Muuzaji, Hanameli, alikuwa jamaa yake wa damu. Kama kuna mtu angeweza kusema "tuaminiane tu," ni yeye. Lakini tazama alivyofanya: alipima shekeli 17 za fedha kwa mizani, akaandika hati, akaitia muhuri, akaita mashahidi, kisha akamwagiza Baruku aitunze ndani ya chombo cha udongo.

Nasema haya kwa sababu hapa Shika Adabu nasikia, "Pasta, broka ni mpendwa mwenzetu. Nikimuuliza makaratasi ataona simwamini." Mimi nilisomea biashara, na nakwambia: karatasi haivunji undugu, inaulinda. Undugu huvunjika siku mwenye ardhi wa kweli anapotokea, na pesa zishaliwa.

Broka yuko kazini, na kamisheni yake ni halali. Ila kumbuka, kamisheni huja ukinunua, haiji ukikataa. Kwa hivyo uliza bila kuona haya.

Moja, umesajiliwa? Sheria za Kenya, Sura ya 533, zamtaka wakala wa nyumba awe amesajiliwa na bodi.

Mbili, nauziwa nyumba na ardhi yake, ama nyumba peke yake? Hapa Pwani nyumba bila ardhi ni jambo la kawaida: kuta ni zako, ardhi ni ya mwingine, nawe wamlipa kodi ya kiwanja.

Tatu, sachi yasemaje? Nenda mwenyewe afisi ya ardhi, au umtume wakili wako. Usikubali kusomewa kwa simu.

Kisha mkataba uandikwe, utiwe sahihi mbele ya mashahidi. Ndivyo Sheria ya Ardhi ya 2012 inavyotaka, na ndivyo Yeremia alivyofanya.

Mpendwa, ukiambiwa "lipa leo, kuna mteja mwingine," tulia. Nyumba ambayo Mungu amekupa haitakimbia kwa sababu umengoja sachi. Nitakuja kuiombea ploti yako kwa furaha, na mafuta nitabeba. Lakini nionyeshe sachi kwanza. Amina.