Mdhamini Anadhamini Nini?

Benjamin Mkapa alizikwa kwao Lupaso, Masasi, Julai 2020. Taasisi yenye jina lake, aliyoianzisha mwaka 2006, ipo mpaka leo. Mikorosho ya marehemu hugawanywa kwa warithi. Taasisi ya hisani hairithiwi. Nyingi huundwa chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura 318: wadhamini wakishasajiliwa RITA wanakuwa mtu mmoja kisheria, mwenye muhuri, anayemiliki ardhi, anayeshtaki na kushtakiwa. Mmoja wao akifa, anateuliwa mwingine. Mali si ya mwanzilishi, si ya wanawe, wala wadhamini hawaruhusiwi kuila.

Basi ni ya nani? Tunajibu haraka: ya walengwa. Mimi silimezi upesi hivyo.

Nenda Newala msimu wa korosho. Mwanachama wa AMCOS akiona makato asiyoyaelewa, anasimama kwenye mkutano mkuu, anauliza, anapayuka ikibidi, na mwenyekiti anajua uchaguzi unakuja. Sasa mama anayehudumiwa na muuguzi aliyeletwa kwa fedha za taasisi, yeye asimame wapi? Hana kadi, hana kura, hata kikao hajui kinakaliwa wapi. Mkataba wa muuguzi ukiisha, atakuta tu kiti kitupu.

Hapa Kiswahili chenyewe kinanitatiza. Mdhamini wa mahakamani, mshtakiwa akitoroka, analipa yeye. Mdhamini wa timu anatoa jezi na jina lake linaandikwa kifuani. Huyu wa taasisi ni wa tatu, nasi tumempa neno lilelile. Akitafuna mali, sheria itamfuata. Lakini akiamua, kwa nia njema kabisa, kwamba mradi ufungwe, yeye hapotezi kitu. Anayepoteza yuko kwenye foleni ya zahanati.

Hoja ya upande wa pili naijua, na ina uzito: walengwa wakipiga kura, fedha zitaliwa leo na wagonjwa wa kesho watakuta sanduku tupu. Bodi isiyoogopa uchaguzi inaweza kusema hapana. Haya, mama asipige kura. Ila aambiwe. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, taasisi zinazofanya kazi za NGO zinatakiwa kujisajili kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali na kumpelekea taarifa ya mwaka pamoja na hesabu zilizokaguliwa. Kwa Msajili, sawa. Ubao wa matangazo wa zahanati nao una ratiba ya kliniki na tangazo la chanjo, na karatasi moja zaidi inaenea.