Uko Wapi?

Tanzania ina namba za dharura ambazo hata mtoto wa darasa la pili anaweza kuzikariri: 112 ya polisi, 114 ya zimamoto na uokoaji. Huhitaji salio ili kuzipiga, wala huhitaji kumjua mtu yeyote upande wa pili. Atapokea mtu usiyemfahamu na, kabla hajakusaidia chochote, itabidi akuulize swali moja: uko wapi?

Ukiwa Posta, jibu ni jepesi. Unataja mtaa na jengo, basi. Ukiwa Mbagala, Buza, Chamazi, au kule Bunju ndani ndani, swali hilo linaweza kukumalizia dakika 10. Huku wengi wetu hatuishi kwenye anwani, tunaishi kwenye maelekezo. "Shuka Zakhem, ingia kushoto, utaona mwembe mkubwa, nyuma yake kuna msikiti, ukifika hapo ulizia kwa mama muuza mihogo." Maelekezo haya yanamtosha kabisa mtu anayekuja mchana kwa miguu, mwenye mdomo wa kuulizia. Hayamtoshi dereva wa gari la uokoaji saa 8 usiku, wakati mama wa mihogo amelala.

Ninakaa Mbagala huku nikisoma shahada ya uzamili, na mwaka jana nililisikia swali hilo likiulizwa. Chumba kimoja kilishika moto katika nyumba ya kupanga, ya tatu kutoka kwetu. Binti wa jirani akapiga simu. Nilikuwa karibu naye nimeshika ndoo.

"Mbagala."

"Mbagala ipi?"

"Huku kwetu, karibu na mwembe."

"Dada, Mbagala ni kubwa. Niambie barabara gani."

Aliyepokea hakuwa mkali. Alikuwa anauliza anachopaswa kuuliza. Baba mwenye nyumba wetu akaichukua simu, akaelekeza kuanzia kwenye lami, kisha akamtuma kijana wa bodaboda akasimame barabarani, taa amewasha, alipokee gari. Ndoo zetu ziliumaliza moto gari likiwa njiani, na hakuna aliyeumia. Kilichobaki kichwani mwangu ni yule kijana. Kwa robo saa ile, anwani ya mtaa mzima ilikuwa ni yeye.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza: mtu akishapiga simu ya dharura, wajibu wake unaishia wapi?

Kabla ya simu, dharura ilikuwa na sauti yake: yowe, au ukunga kwa watu wa pwani. Yowe linabeba mahali pake. Anayelisikia hahitaji kuuliza uko wapi, anaifuata sauti. Na kwa kuwa amelisikia, tayari anadaiwa. Usukumani na Unyamwezini, sungusungu walipojipanga mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, mtu ambaye hakuitikia yowe alitozwa faini. Kusema "nilidhani wengine watakwenda" hakukuwa utetezi.

Simu iliyageuza yote mawili. Sauti ilitengana na mahali, na anayedaiwa akawa mtu mmoja aliyekaa mbali. Lakini tukiangalia namba ya dharura ilikotoka, tunakuta jirani bado yumo. Novemba 1935 nyumba iliungua Wimpole Street, London, wanawake 5 wakafa. Jirani aliyeuona moto alipiga simu, akawekwa kwenye foleni pamoja na wapiga simu wa kawaida. Alikasirika, akaandika barua kwa gazeti la The Times. Juni 30, 1937, namba 999 ikaanza kufanya kazi jijini humo. Haikuanzishwa ili jirani akalale. Ilianzishwa ili sauti ya jirani isikwame njiani.

Tatizo ni kwamba namba ikishakuwepo, ni rahisi kuigeuza mahali pa kutulia mzigo. Tazama ajali ya bodaboda Barabara ya Kilwa. Watu 30 wamezunguka, simu kadhaa ziko juu, zinarekodi. Muulize mmoja mmoja kama amepiga simu ya kuomba msaada. Wengi watakujibu wanadhani kuna mtu ameshapiga. Siamini kwamba ni ukatili. Mwaka 1968 wanasaikolojia wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, walichapisha jaribio ambalo wanafunzi, kila mmoja chumbani peke yake, walisikia sauti ya mtu aliyeonekana kushikwa na kifafa. Kati ya waliodhani wanasikia peke yao, asilimia 85 walitoka kuomba msaada kabla sauti ile haijakatika. Kati ya waliodhani kuna wengine 4 wanaosikia, ni asilimia 31 tu. Sikio ni lilelile na moyo ni uleule. Kilichobadilika ni idadi ya watu wa kugawana nao deni, na deni likigawanywa hivyo kila mtu anaona lake limekwisha.

Hapa ningeweza kusema turudi kwenye yowe. Lakini nisiupambe mno mtaa wangu. Watu walewale wanaokimbilia moto na ndoo, wakisikia "Mwizi!" wanakimbilia na mawe na matairi. Kati ya wote wanaohitaji msaada wa haraka katika jiji hili, sidhani kuna mpweke kuliko kijana aliyezungukwa na umati huo. Walio karibu wameshaitika, na wameitika dhidi yake. Hapo ndipo ninapoiona thamani ya mtu asiyetufahamu upande wa pili wa simu. Yeye hajui kama wewe ni mpangaji mgeni, kama unadaiwa kodi, kama huongei vizuri na majirani, kama umeiba. Anachotaka kujua ni uko wapi. Wema wa mtaani hupitia kwenye kujuana, lakini uhai wa mtu haupaswi kutegemea nani anamjua. Anayejitenga pembeni ya umati akapiga 112 kwa ajili ya anayeitwa mwizi amefanya jambo gumu kuliko sisi wote wa ndoo, na pengine hatashukuriwa na yeyote.

Kwa hiyo tunahitaji vyote viwili: namba isiyobagua, na jirani asiyeondoka. Tayari upo mfumo uliojengwa kwa kuviunganisha. m-mama, uliojaribiwa kwanza Kanda ya Ziwa na kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022, unamhudumia mjamzito au mtoto mchanga aliye hatarini. Unapiga 115 bure. Gari la wagonjwa likikosekana, anaitwa dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyesajiliwa, na akishamfikisha mgonjwa analipwa kwa simu. Mfumo huu haujifanyi kwamba kila kijiji kina gari la wagonjwa. Unamtambua mtu mwenye gari, unampa jina na malipo, na unamwita.

Mwaka huohuo, kabla ya Sensa ya Agosti 23, serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi na postikodi. Mitaa ikapewa majina, nyumba zikapewa namba. Kwetu nguzo ya jina la mtaa ipo pale kona. Jina lenyewe hulisikii likitajwa. Sisi tunaendelea kusema kwa mama wa mihogo.

Rafiki yangu mmoja ninayesoma naye haipendi hoja yangu. Anasema nikimsifia kijana wa bodaboda ninawasamehe wanaopaswa kututengenezea barabara. "Masaki nani anasimama barabarani na taa?" aliniuliza. Ana haki ya kuuliza. Njia ambayo gari haliwezi kupita ni deni la mamlaka, na ukarimu wa majirani hauwezi kulilipa. Lakini deni la mwingine halifuti langu, na mgonjwa hawezi kusubiri tumalize ubishi. Tena nadhani anayekaa mpaka mwisho ndiye anayeweza kudai vizuri zaidi. Ameona gari lilikwama wapi, ni swali gani lilikosa jibu, ni nani aliyefika na ni nani hakufika. Yule jirani wa London hakuandika barua kwa sababu alisoma habari za moto gazetini. Aliandika kwa sababu alikuwepo, ameshika simu, anasubiri.

Kwa hiyo naona wajibu hauishii pale simu inapokatwa. Anayepiga anakuwa ameahidi mambo mawili: kwamba anachosema ni kweli, na kwamba wanaokuja watamkuta. Ahadi ya kwanza inavunjwa na anayepiga 114 kwa mzaha. Ya pili inavunjwa na anayepiga kisha akaingia ndani kulala, na huyu tumezoea kumwita raia mwema.

Wiki iliyopita nilikwenda mpaka kwenye nguzo ya kona nikasoma jina la mtaa wetu, nikaangalia na namba ya nyumba. Nimeviandika kwa kalamu nene nyuma ya mlango wa koridoni, chini ya 112, 114 na 115, kwa urefu ambao mdogo kuliko wote katika nyumba yetu, mtoto wa miaka 7, anaweza kusoma bila kupanda kiti.