Mwogopeni Mwenye Majibu Yote

Wajukuu wangu wa Luanda Kotieno, mlimcheka daktari yule, nami nilikuwapo nikawasikia. Ulikuwa mwezi wa Juni 2021. Kaunti 13 za upande huu wa nchi, Siaya na Kisumu zikiwamo, zilikuwa zimewekewa kafyu ya korona ya kuanzia saa moja jioni, na redio ilikuwa inaongea kwenye kibanda cha chai karibu na feri ya Mbita. Daktari wa kitengo cha dharura alikuwa anajibu maswali ya wasikilizaji. Mama mmoja akapiga simu akauliza kinga ya chanjo hudumu muda gani. Daktari akajibu, "Mama, hilo bado hatujui. Chanjo hizi hazijatimiza mwaka tangu zianze kutolewa kwa watu. Tunawafuatilia waliochanjwa, na tukijua tutawaambia." Kibanda kizima kikaangua kicheko. Daktari gani huyo hajui?

Siku ile nilinyamaza, maana biashara ilikuwa imelala na mlihitaji cha kuchekea. Leo nasema.

Kwa miaka mingi nilikuwa bwana afya. Nilikagua vyoo, visima na nyama buchani, nikaandikisha watoto waliokosa chanjo ya surua. Sikuwa daktari wala sijidai. Lakini bwana afya hukaa njia panda, kila uvumi humpitia, na majibu yanayotolewa ugonjwa mpya unapoingia nimeyasikia mengi. Yatakayowafikia nyinyi yatakuwa mengi zaidi, tena yatawafuata mpaka kitandani kwa simu.

Waulizeni wazazi wenu habari za Kemron. Mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini alitambuliwa mwaka 1984, na huku kwetu, vijana walipoanza kukonda, wazee wakasema ni chira, adhabu ya aliyevunja mwiko. Mwaka 1990 Rais Moi mwenyewe akaitangazia dunia kwamba watafiti wa taasisi yetu ya utafiti wa tiba, KEMRI, chini ya Davy Koech, wamepata dawa, ndiyo hiyo Kemron. Kulikuwa na shangwe! Wagonjwa walioipata walisema wanakula vizuri na uzito umerudi. Mpaka Marekani kulikuwa na Wamarekani weusi walioitafuta. Kisha yakaja majaribio ya kulinganisha, moja likafanywa hapo Uganda: wagonjwa wengine wakapewa dawa yenyewe, wengine kitu kinachofanana nayo kisicho na dawa, na hakuna aliyeambiwa amepata kipi. Hakukuonekana tofauti. Mwaka 1996 Profesa Arthur Obel akatangaza dawa yake, Pearl Omega, na ng'ombe wakauzwa ili inunuliwe. Mwaka 2011 ikawa zamu ya Loliondo, kijiji cha Samunge, kwa mchungaji Ambilikile Mwasapila na kikombe chake cha mitishamba cha shilingi 500 za Tanzania. Magari yalipanga foleni ya kilomita na kilomita, na namba za Kenya zilikuwamo. Wakati huo ARV zilikuwa zinatolewa bure, lakini wapo waliokunywa kikombe wakaviacha vidonge. Majina yao siyataji, makaburi yao mnapita hapo mkienda Ndori.

Hao wote walikuwa na jibu la kila swali. Inaponya? Inaponya. Wote? Wote. Kwa muda gani? Milele.

Sisemi mitishamba ni uongo. Zile tembe za AL mnazopewa hospitalini Madiany kwa malaria, asili ya dawa mojawapo iliyomo ni mmea uitwao artemisia, ambao Wachina waliutumia kwa homa kwa karne nyingi. Mmea huohuo ndio uliotiwa kwenye kinywaji cha Madagaska mwezi wa Aprili 2020, rais wao akakitangaza kuwa kinatibu korona. Kwa malaria mmea ulipimwa, kipimo chake kinajulikana, na panajulikana pia unaposhindwa. Kwa korona ulitangazwa kwanza, kupimwa baadaye.

Wala msidhani wenye majibu yote ni waganga na wanasiasa peke yao. Robert Koch, Mjerumani aliyegundua vijidudu vya kifua kikuu, alikuja kwenye ziwa hili hili la Victoria mwaka 1906, akiwa ametoka kupewa Tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia. Malale ilikuwa inafyeka watu, Uganda peke yake zaidi ya 200,000. Akapiga kambi visiwa vya Sese akawadunga wagonjwa atoksili, dawa yenye sumu ya aseniki. Vijidudu vilitoweka damuni, kisha vikarudi, naye akaongeza kipimo. Baadhi ya wagonjwa wakapofuka, wasione tena. Hakuwa mtu mbaya, na elimu alikuwa nayo kuliko mtu yeyote katika ziwa zima. Kwa hiyo koti jeupe na cheti ukutani visiwatoshe.

Na serikali je? Mnakumbuka Aprili 2020 huko Ukwala, katika kaunti yetu hii, marehemu alivyozikwa usiku wa manane, ndani ya mfuko, bila jeneza, na waliovaa kama wanakwenda mwezini, jamaa zake wakitazama kwa mbali. Watu wetu humlilia maiti siku nyingi. Kitendo kile kiliwakata watu maini. Tena ilikuwa imekwisha kuandikwa: Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetoa mwongozo mwezi uliotangulia likisema kwamba, ukiacha magonjwa kama Ebola, Marburg na kipindupindu, maiti kwa kawaida haiambukizi, na kwamba hakuna aliyejulikana kuambukizwa korona na maiti. Hatari ya matanga ilikuwa kwa walio hai, wanaobanana chini ya hema moja mpaka asubuhi kwa disco matanga. Ila hofu ilishatoa jibu, na jibu la hofu halina breki.

Shirika hilohilo mwanzoni halikuwashauri watu wasio wagonjwa wavae barakoa, kisha Juni 2020 likageuza ushauri. Hapo ndipo mlipopata neno: "Wanatudanganya, jana hivi, leo vile." Mimi naona kinyume. Kugeuza ushauri baada ya kujua zaidi ni kazi yao, wanalipwa kwa hiyo. Walipokosea ni pale mwanzoni waliposema kwa sauti ya mtu anayejua, wakati walikuwa bado wanapapasa. Laiti wangesema kama yule daktari mliyemcheka.

Sasa nirudi kwake, maana mlicheka mkakosa kusikiliza mengine. Hakusema "sijui" kwa kila kitu. Kijana wa Bondo alipouliza kama chanjo inamfanya mtu tasa, alijibu neno moja: "Hapana." Mwingine akauliza habari za damu kuganda kwa ile ya AstraZeneca, ambayo shehena yake ya kwanza ilifika nchini Machi mwaka ule. Akasema ni kweli, hutokea, kwa wachache mno katika kila milioni, na akazitaja dalili zake. Angeweza kukana. Mwuza dawa sokoni angekana.

Likaja lile swali lililokuwa midomoni mwa kila mtu: kwa nini Waafrika hawafi kama Wazungu? Hapo kibandani majibu yalikuwa tayari: ni jua, ni ngozi, ni omena, mmoja akasema ni chang'aa. Daktari akasema sehemu ya jibu ni umri, kwamba sisi ni nchi ya vijana na ugonjwa huu huwavizia wazee. Sehemu nyingine ni kwamba wengi wanafia nyumbani hawahesabiwi. Na sehemu nyingine bado inatafutwa. Wachunguzi wa KEMRI kule Kilifi walikuwa wamepima damu ya wachangiaji wa nchi nzima katikati ya 2020 wakakuta karibu mtu mmoja katika kila 20 ana kingamwili, ilhali wagonjwa walioandikishwa walikuwa elfu chache tu. Yaani ugonjwa ulikuwa umetupita mlangoni zamani, tukidhani haujafika.

Lakini jambo alilolisema kwa ukali wa mama ni la oksijeni. Alisema wanaletwa watu wanaotembea kwa miguu yao, wanaongea na simu, wakibanwa kidoleni kile kifaa cha kuipima kinasoma 80. Mwenye afya husoma 95 kwenda juu. Korona inaweza kumla mtu pumzi bila yeye kuhisi anazama. Akaomba: ikishuka chini ya 94, usilale nyumbani, njoo. Hilo alilijua, alikuwa anaishi nalo kila zamu. Na wangapi hapa walibaki nyumbani wakijifukiza? Nyungu, yaani kujifukiza huko, ilipendwa Tanzania mpaka ikulu, ikavuka maji kuja kwetu. Mvuke wenyewe sidhani ulimwua mtu. Siku tatu chini ya blanketi, kidole hakijapimwa, ndizo zilizoua. Hata daktari Stephen Karanja, daktari wa wanawake aliyeongoza chama cha madaktari Wakatoliki, aliipinga chanjo na kusifu kujifukiza, na korona ikamchukua Aprili 2021. Simcheki marehemu. Nawaonyesha tu kwamba ugonjwa hauogopi mtu aliye na uhakika.

Mtaniuliza, basi tutamjuaje mkweli? Msikilizeni anavyojibu swali la "umejuaje?" Mvuvi wa omena akinunua taa mpya, akatoka usiku wa giza akarudi mtumbwi umejaa, ataapa kwamba ni taa. Lakini tazama na wenzake waliotoka na karabai zao kuukuu usiku uleule. Kama nao wamejaa, ni omena walikuwa wengi, taa haina sifa.

Hili si jambo la kigeni kwenu, lilifanywa mlangoni petu. Miaka ya tisini, majirani zetu wa Asembo, kisha Gem, waligawiwa vyandarua vyenye dawa, vijiji vingine vikitangulia na vingine vikingoja, vimechaguliwa kwa kura. Nakumbuka lawama: kwa nini wale na si sisi? Chifu alikosa usingizi. Lakini ni kwa sababu ya kura ile tulijua kwa hakika kwamba watoto waliolala ndani ya vyandarua walikufa wachache zaidi, na kwamba hata nyumba zisizo na chandarua, zikiwa ndani ya mita kama 300 kutoka kijiji chenye navyo, zilipata nafuu, kwa kuwa mbu wenyewe walipungua. Walipomaliza, waliongoja nao wakapewa. Neti mnazolalia leo, na zile mnazovulia omena nikigeuka, zimetokana na kazi ile.

Kwa njia hiyohiyo, Juni 2020, Waingereza walipima deksamethasoni, dawa ya bei ya chini iliyokuwa tayari kwenye kabati za hospitali zetu. Ikaonekana inaokoa wagonjwa wa korona walio kwenye oksijeni, na walio kwenye mashine ya kupumulia zaidi, ila kwa asiyehitaji oksijeni haina faida. Nani angelijua hilo kwa kutazama mgonjwa mmoja aliyepona? Hidroksiklorokwini, iliyosifiwa na marais, ilipimwa mahali palepale ikashindwa.

Sasa imekuja mpox. Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza Julai 2024, msafiri aliyepimwa Taita Taveta, ametoka Uganda. Mnasema ni ugonjwa wa madereva wa malori. Inajulikana kwamba hupita kwa kugusana ngozi, kwa kulala na mtu, kwa shuka na taulo. Na bichi hii inalaza wageni kila usiku, dereva au si dereva. Ukiona vipele vyenye maji na homa, nenda Madiany ukaonyeshe, usifunike kwa shati la mikono mirefu. Mengine bado yanachunguzwa, na nasikia siku ya soko yupo tayari anayeuza mafuta ya kujikinga kwa shilingi 200, hana mashaka hata kidogo. Muulizeni wangapi walijipaka wakaugua hata hivyo, na wangapi hawakujipaka na hawakuugua. Akianza kuwatukania elimu yenu, rudisheni hela mfukoni, feri haingoji mtu.