Mwezi wa Kazi Nyingi Nyumbani

Somo: Marko 5:21-43



Mwezi huu wa Novemba twaujua ulivyo. Pande za Usambara, Upare na Kilimanjaro mvua za vuli zimefika. Katika nchi za juu za kusini watu ndiyo kwanza waanza kupanda. Jembe halipumziki. Kuni zimelowa, moshi wajaa jikoni, watoto wadogo wakohoa usiku kucha, na mama aliyekesha na mtoto hana budi kuamka kabla ya jogoo. Ikiwa kuna wakati ambapo sala ya nyumbani huachwa, ndio huu. Baba asema, Tutasali mvua zikipungua. Mvua zikipungua kuna palizi, na baada ya palizi kuna mavuno, na baada ya mavuno kuna arusi ya jirani. Basi twataka kusema neno juu ya mwezi kama huu, nasi tutalisema kwa kuitazama nyumba moja ambayo sisi Walutheri twadhani twaijua sana, walakini wengi wetu twaujua mlango wake tu.

Nyumba hiyo ni ya Martin Luther katika mji wa Wittenberg, na mwezi ni Novemba mwaka 1527. Kule Ujerumani mwezi huo ni mwisho wa majira ya kupukutika majani. Jua huzama mapema, baridi yaingia, na watu huharakisha kuweka akiba kabla ya theluji. Nyumba yenyewe ilikuwa monasteri ya zamani, kubwa, yenye vyumba vingi. Luther alikuwa amemwoa Katharina von Bora mwezi Juni 1525, na mtoto wao wa kwanza, Hans, alizaliwa Juni 1526. Hivyo Novemba ile Hans alikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi mitano. Kila mzazi ajua umri huo ulivyo, mtoto akimbia na kuanguka, ashika kila kitu na kukitia kinywani. Na Katharina alikuwa na mimba ya pili, siku zake zikikaribia.

Tena mjini mlikuwa na tauni. Iliingia wakati wa joto la mwaka ule. Chuo kikuu kikahamishwa kwenda Jena, walimu na wanafunzi wakaondoka, na mtawala wa Saksonia, Johann, akamtaka Luther naye aondoke pamoja na jamaa yake. Luther akabaki. Akabaki pia Johannes Bugenhagen, mchungaji wa kanisa la mji. Katika vitabu vyetu twasifu sana ujasiri wa hao wawili, na ni haki. Lakini tusisahau ya kuwa Katharina naye alibaki, na mimba yake, na mtoto mgongoni kama tungesema sisi, na kwamba wagonjwa walipoletwa nyumbani, mwenye kusimamia vitanda, maji, moto na chakula alikuwa mwenye nyumba wa kike.

Maana wagonjwa waliletwa. Siku ya Watakatifu Wote, tarehe 1 Novemba, Luther alimwandikia rafiki yake Nikolaus von Amsdorf ya kuwa nyumba yake imeanza kuwa hospitali. Mke wa mganga Augustin Schurf alikuwa amelala humo mgonjwa, na mwanamke mwingine pia, Margarete von Mochau. Hans mdogo aliugua. Wengine walisema ni meno tu yanaota, lakini hakula chakula yapata siku 12, akawa ananyweshwa tu. Luther mwenyewe tangu Julai alikuwa na udhaifu wa mwili na majaribu makali ya roho. Na katika siku zile zile za mwanzo wa Novemba, mke wa shemasi Georg Rörer, naye ni dada yake Bugenhagen, alikufa katika kujifungua, yeye na mtoto wake. Twaweza kufahamu habari hiyo ilipokewaje na Katharina, ambaye alikuwa akiihesabu miezi yake mwenyewe. Baada ya msiba huo Bugenhagen aliingia na jamaa yake kukaa nyumbani mwa Luther, wapate kufarijiana.

Katika barua ile ile ya 1 Novemba Luther akumbuka kwamba ni mwaka wa 10 tangu alipoanza kupinga biashara ya vyeti vya msamaha mwaka 1517. Sisi leo hukumbuka Matengenezo ya Kanisa kwa kwaya, kwa maandamano, na kwa hotuba ndefu (labda ndefu kupita kiasi). Sikukuu ya miaka 10 ilikumbukwa katika nyumba yenye harufu ya dawa, mtoto analia, na mke mwenye mimba hajui kama ataishi. Hili twalitaja ili mtu yeyote asidhani ya kuwa Injili ilirudishwa na watu waliokuwa na nafasi.

Sasa turudi kwenye somo letu. Kwa desturi ya kale ya Kanisa habari za binti ya Yairo husomwa Jumapili ya 24 baada ya Utatu, ambayo katika miaka mingi huangukia Novemba hii hii. Yairo ni mkuu wa sinagogi. Ana kazi, ana heshima, tena ana mtoto anayekufa. Aanguka miguuni pa Yesu mbele ya watu wote. Yesu akaenda naye. Na njiani, katika msongamano, mwanamke aliyeugua miaka 12 amgusa vazi lake, naye Yesu asimama. Hebu fikirini moyo wa baba huyo! Kila dakika ni mali, na Bwana asimama kuzungumza na mtu mwingine. Kisha yaja habari ya kwamba mtoto amekwisha kufa, wala haifai kumsumbua Mwalimu tena. Twaona hapa siku ya kazi nyingi ya Bwana wetu mwenyewe: umati wamsonga, mmoja amwita, mwingine amgusa, wa tatu aleta habari mbaya. Wala hakumwambia mtu yeyote kati yao ya kuwa amemkatiza katika kazi ya Mungu. Waliomkatiza ndio waliokuwa kazi ya Mungu.

Na angalieni mwisho wake. Amekwisha kumfufua yule msichana, watu wameshikwa na mshangao mkuu, na yeye Bwana awaagiza wampe mtoto chakula. Twapenda kusoma upesi hata muujiza, na kukipita chakula. Mama aliyekaa siku 12 na kikombe mkononi, akingoja mtoto wake ameze kijiko kimoja, yeye hatakipita.

Kuna wanawake katika sharika zetu ambao husema kwa aibu, Jumapili tatu sijafika kanisani, mtoto ana homa. Walimu, msiwaandike hao pamoja na wavivu. Nendeni kwao. Ketini jikoni, ombeni pamoja nao kwa maneno machache, mkaone kama kuna maji ndani. Na akina baba twawaambia wazi: mwaka 1522 Luther aliandika juu ya maisha ya ndoa, akasema habari za baba afuaye nguo chafu za mtoto mchanga, ya kuwa wajinga wamcheke wapendavyo, Mungu na malaika wake wafurahi, ikiwa afanya hivyo kwa imani. Aliyaandika hayo kabla hajaoa, na mwenye kupenda mzaha aweza kusema ilikuwa rahisi kuandika. Lakini mwaka 1527 alikuwa na mtoto, naye hakuyafuta. Twawajua wanaume wa kwetu ambao ni hodari kusimama mbele ya ushirika na kuomba kwa sauti kuu, nao wakirudi nyumbani mtoto akalia, huita, Mama fulani, mtoto wako! Kana kwamba si wake.

Jambo jingine ni dawa. Majira yale yale Luther alitoa kitabu kidogo, kwa kuulizwa na wachungaji wa Breslau, kama ni halali kwa Mkristo kukimbia tauni. Alijibu kwa kupambanua. Mwenye kazi ya kuwatunza wengine, kama mchungaji, mtawala, mzazi, mtumishi aliyeajiriwa, asiwaache walio mikononi mwake. Asiye na wajibu huo, na jirani zake wana wa kuwatunza, aweza kuondoka bila dhambi. Tena aliwakemea wale wanaodharau dawa na kujitia katika hatari bure kwa kisingizio cha imani. Huko ni kumjaribu Mungu, aliyeumba dawa na kutupa akili. Alitaka watu watumie dawa, wafukize nyumba, na wasiende mahali ambapo hawahitajiwi. Basi mzazi wa leo ampelekaye mtoto mwenye homa zahanati siku ile ile, hakupungukiwa na imani. Na amwachaye mtoto siku tatu, akingoja aone itakuwaje, au akitafuta kwanza ni jirani gani aliyemroga, huyo amwogopa jirani kuliko anavyompenda mtoto.

Sasa juu ya sala, ambayo tulianza nayo. Mwaka uliofuata, 1528, majira hayo hayo ya kupukutika majani, Luther alitoka kwenda kukagua sharika za Saksonia. Akawakuta watu wa vijijini wasiojua Amri Kumi, wala Imani, wala Sala ya Bwana, na wachungaji wengi wasioweza kufundisha. Kwa huzuni ya safari hiyo aliandika Katekisimo Ndogo. Twaiita kitabu cha darasa la kipaimara, na walimu wengi huitumia kana kwamba ni mali ya shule. Lakini someni vichwa vya sehemu zake, mtaona imeandikwa ili baba wa nyumba awafundishe walio nyumbani mwake kwa maneno mepesi. Mwalimu ni msaidizi wake. Na mle ndani mna sala ya asubuhi na sala ya jioni. Mtu ajitie ishara ya msalaba, aseme Imani na Sala ya Bwana, na akipenda aongeze sala fupi. Kisha asubuhi aende kazini kwake kwa furaha, na jioni alale mara moja kwa moyo mkunjufu. Basi, ni hayo tu. Maji ya uji hayajachemka, nanyi mmemaliza. Aliyeandika utaratibu huo aliijua nyumba yenye mtoto mgonjwa, ndiyo maana hakuagiza saa nzima. Mtoto akilia katikati ya Imani, mama amchukue, wengine waendelee. Mtoto wa miaka mitatu akisema Amina mahali pasipo pake, mwacheni aseme.

Mwajiuliza ilikuwaje mwisho wa mwezi ule. Hans alipona. Mke wa mganga akapona, na Margarete akapona. Luther aliandika ya kuwa badala yao wamekufa nguruwe watano. Tarehe 10 Desemba Katharina alijifungua salama mtoto wa kike, wakamwita Elisabeth. Lakini tarehe 3 Agosti 1528 Elisabeth akafa, hata miezi minane hajatimiza. Hatuwezi kulificha jambo hili katika mahubiri juu ya binti ya Yairo. Bwana yule yule aliombwa nyumbani mwa Yairo na nyumbani mwa Luther. Huku mtoto aliinuka, huku alizikwa. Wazazi kati yenu waliozika mtoto wajua ya kuwa hakuna neno linaloweza kuyafanya mambo hayo mawili yawe sawa kabla ya siku ile Bwana atakapowashika mkono wote walalao. Luther aliandika wakati huo jinsi alivyoshangaa kuona moyo wake umekuwa kama wa mwanamke kwa huzuni, hakujua kabla ya hapo ya kuwa moyo wa baba waweza kulegea hivyo kwa ajili ya mtoto.

Nyumbani kazi iliendelea. Hans aliendelea kukua, wageni waliendelea kuja, na mwezi Mei 1529 Katharina akamzaa Magdalena. Na mwezi uo huo Katekisimo Ndogo ilitoka katika umbo la kitabu.