Je, Ni Halali Kukana Kwenu Ili Upate Kufundisha?

Katika nchi ya Uchina lugha ya Kiingereza imekuwa mlango mwembamba, na watoto wengi sana hawana budi kuupita. Mwaka 2001 serikali ya huko iliagiza ianze kufundishwa katika darasa la tatu la shule za msingi. Mwishoni mwa masomo uko mtihani mkuu wa kuingia vyuo vikuu, uitwao gaokao, ufanywao mwezi wa Juni. Mwaka 2024 walioandikishwa walikuwa 13,420,000. Na kwa kawaida somo la lugha ya kigeni, ambalo kwa wengi ndilo Kiingereza, lina alama 150 katika jumla ya 750. Mzazi ajuaye hayo hutoa akiba yake mtoto angali mdogo, ili asikie Kiingereza kinywani mwa mtu aliyezaliwa nacho.

Kwa ajili hiyo vijana waliohitimu vyuo vikuu vya Uingereza, Marekani na nchi nyingine wamekuwa wakivuka bahari kwenda kufundisha huko, huyu mwaka mmoja, yule mitatu, na wengine wakaoa wakakaa. Mmoja amesoma historia, mwingine biashara, mwingine elimu ya wanyama. Wengi hawakupata kusimama mbele ya darasa kabla ya siku ile ya kwanza. Kwao kazi ni haba na deni la masomo ni kubwa. Huko hupata mshahara, na mara nyingi nyumba ya kukaa au posho ya nyumba. Sioni dhambi katika kusafiri hivyo. Paulo mtume alishona hema katika mji wa Korintho, ambao haukuwa mji wake, akala jasho lake.

Walakini iko sheria ya kuwapokea. Tangu utaratibu wa vibali ulipotengenezwa upya mwaka 2017, mwalimu wa lugha atokaye nje yampasa kwa kawaida awe na shahada ya chuo kikuu na awe amefanya kazi miaka miwili. Au badala ya miaka hiyo awe na cheti cha mafunzo ya kufundisha Kiingereza, yasiyopungua saa 120. Walimu wa shule watakaosoma maneno haya na wahesabu wenyewe: saa 120 ni majuma matatu ya kazi. Tena yampasa afundishe lugha ya kwao, na kwa habari ya Kiingereza nchi zihesabiwazo kwa kawaida ni saba: Uingereza, Marekani, Kanada, Australia, New Zealand, Ayalandi na Afrika Kusini.

Basi mtu aliyezaliwa Nairobi, au Kampala, au Accra, aliyesoma hesabu na jiografia na kila kitu kwa Kiingereza tangu utoto wake, hayumo katika hesabu hiyo. Na vijana wa Afrika walioko Uchina si wachache. Mwaka 2018 wizara ya elimu ya huko ilihesabu wanafunzi 81,562 kutoka bara letu. Wengine wanasomeshwa na serikali. Wengine wanasomeshwa na baba aliyeuza ng'ombe, na ng'ombe huisha kabla ya masomo kuisha. Hapo ndipo mwenye shule ndogo ya mtaani humwita kijana kando na kumwambia: Kiingereza chako ni chema, njoo ufundishe Jumamosi na Jumapili, ila wazazi wakikuuliza, sema umetoka Afrika Kusini, au useme wewe ni Mmarekani. Wengine hawaitwi kabisa, maana mwenye shule ataka uso mweupe katika picha ya mlangoni, hata kama mwenye uso huo kwao hawasemi Kiingereza.

Mwinjilisti mmoja ameniletea neno hili kutoka kwa kijana wake mwenyewe. Kijana hakuandika kama mtu atafutaye udhuru. Aliandika hivi kwa maana yake: Kanuni hii yanidhulumu. Mimi nafundisha vizuri kuliko yule msafiri aliyepewa kibali. Nikisema nimezaliwa Durban, watoto wajifunza yale yale, wazazi wafurahi, nami nalipa karo. Je, nimemwibia nani?

Tusiharakishe kumjibu kwa kumtajia amri ya nane na kufunga kitabu. Amri twaijua, hata yeye aijua. Aliikariri mbele ya usharika siku ya kipaimara chake. Yeye auliza kama mtu aliyedhulumiwa adaiwa ukweli na yule amdhulumuye. Swali hilo ni la zamani, nalo limo katika Maandiko. Wakunga wa Waebrania, Shifra na Pua, walimwambia Farao habari isiyo kweli juu ya wanawake wa Kiebrania, na Mungu akawatendea mema. Rahabu aliwaficha wapelelezi na kuwapoteza waliowafuata. Kama Farao hakudai ukweli kwa haki, je, mwenye shule adai kwa haki gani?

Yuko mtu aliyelitafakari jambo hili kwa bidii kuliko wengi, naye ni wa bara letu. Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria. Twamjua kuwa askofu na mwalimu wa kanisa, lakini husahauliwa kwamba kabla ya hayo alikuwa kijana msomi wa Afrika aliyevuka bahari kwenda kuuza ufundi wa maneno. Mwaka 383 aliondoka Karthago kwenda Roma, kwa sababu aliambiwa wanafunzi wa huko ni watulivu zaidi. Usiku wa kuondoka alimdanganya mama yake Monika, akisema amkalia rafiki angojeaye upepo. Mama akabaki akiomba, na mwana akatweka tanga. Kumbe wanafunzi wa Roma nao walikuwa na hila yao: siku ya kulipa ada ikikaribia, walimhamia mwalimu mwingine kwa pamoja. Mwaka uliofuata alipata kazi ya heshima Milano, akilipwa na serikali.

Sasa tazama jambo hili. Mtu huyu aliyefundisha Kilatini kizuri kuliko wenyeji, Waitalia walimsumbua kwa matamshi yake. Aliliandika yeye mwenyewe katika kitabu cha mwaka 386, wala hakuona haya. Akaongeza kwamba naye aliwakosoa wao kwa matamshi yao. Napenda sana jibu hilo. Miaka michache baadaye msomi mmoja wa Afrika alipodhihaki majina ya Kipunisia, Augustino alimkumbusha kwamba wote wawili ni Waafrika na wanakaa Afrika. Na mtu huyu ndiye aliyeandika kitabu kizima juu ya uongo, yapata mwaka 395, na kingine mwaka 420 hivi. Alifundisha kwamba hakuna uongo ulio halali, ingawa dhambi zake hazilingani uzito. Kwa habari ya wakunga alisema kwamba Mungu aliwalipa kwa ajili ya huruma yao, si kwa ajili ya uongo wao.

Wako wanaomwona Augustino kuwa mkali mno, nami nakiri kwamba mtu akinificha chumbani mwake siku ya kuuawa, sitamtaka awaambie kweli wauaji. Lakini kwa swali letu hatuhitaji kufika mbali hivyo. Wakunga walisema uongo ili mtoto wa mtu mwingine aishi, na hatari ikawa juu yao. Kijana wetu asema uongo ili auze kitu, na mnunuzi ni mzazi aliyejinyima. Huyo mzazi si Farao. Huenda ni mwenye duka, au dereva wa teksi, aliyeambiwa kwamba alichonunua ni hiki, kumbe ni kile. Hata kama alichopata ni kizuri kupita alichoahidiwa, hakuachiwa achague. Labda angeambiwa kweli angekataa kwa ujinga wake. Basi ujinga wake ungeonekana, na mtu angepata nafasi ya kuuondoa.

Nami naona hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Udhalimu huu waishi kwa uongo huo. Mtoto wa Kichina afundishwaye vema na kijana wa Moshi, naye ameambiwa kwamba mwalimu wake ni Mmarekani, atakua akiamini kwamba Kiingereza chema hutoka Marekani. Mwalimu amemthibitishia kwa kazi yake nzuri neno lile lile linalomdhulumu mwalimu. Kesho akija Mwafrika mwingine, akisema wazi nimetoka Uganda, nimesoma, haya ndiyo matokeo ya wanafunzi wangu, atasukumwa nje. Na waliotangulia hawakumwachia hata nyayo moja ya kuonyesha kwamba mtu wa Uganda aliwahi kufundisha hapo. Kijana aliuliza amemwibia nani. Amemwibia huyo.

Iko pia hasara yake mwenyewe, nami naiandika kwa ajili ya wazazi. Sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013 yasema kwamba mgeni afanyaye kazi bila ruhusa atatozwa faini ya yuani 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito atafungwa siku 5 hadi 15 pamoja na faini. Aweza pia kuondoshwa katika nchi. Mwenye shule naye hutozwa yuani 10,000 kwa kila mtu, isizidi 100,000. Walakini shule yake yaweza kuendelea, na masomo ya kijana hukatika. Mwanafunzi atakaye kufanya kazi kidogo nje ya chuo aweza kuomba: chuo kikikubali, mahali na muda wa kazi huandikwa katika kibali chake cha kukaa. Njia hiyo ni ndefu, na wenye shule za mtaani hawaipendi, kwa sababu huwalazimu kusema kweli wao pia.

Lakini tusimhukumu huyu peke yake na kumwacha yule mwenye karatasi zote. Kijana wa London au Toronto aliyeingia darasani na kibali halali, naye hajui kufundisha wala hataki kujua, ambaye kila asubuhi apitisha saa yake kwa michezo na nyimbo mpaka kengele ilie, je, yeye hasemi uongo? Jina la mwalimu alilipokea pamoja na mshahara. Wapo wengi wasio hivyo, waliotafuta vitabu, wakaketi nyuma ya darasa la mwalimu mwenyeji na kujifunza kwake, na baada ya mwaka wakawa walimu kweli. Cheti cha majuma matatu si kosa lao. Kosa huanza pale mtu anapoona kwamba kule kuzaliwa na lugha kwatosha, na mtoto ni daraja la kumvusha yeye aone milima na miji.

Na neno hili latugusa sisi watu wa kanisa. Kanuni za Uchina za mwaka 1994 zawakataza wageni kuhubiri na kuwavuta watu wa nchi katika dini. Hata hivyo kumekuwa na Wakristo wa nchi za magharibi walioingia kwa jina la walimu wa Kiingereza, na kusudi lao hasa lilikuwa lingine. Wenzetu wengi huwasifu. Mimi siwezi kumkemea kijana wa Moshi na kuwasifu hao kwa pumzi moja. Mkristo afundishaye Kiingereza kwa moyo wote, akaishi kwa unyofu, akajibu aulizwapo juu ya imani yake, huyo hakumdanganya mtu. Lakini yule anayehesabu somo kuwa chambo tu, mzazi wa mtoto aliomba mkate, naye amempa kamba ya ndoano.

Mwezi wa Julai 2021 serikali ya Uchina ilipiga marufuku biashara ya masomo ya ziada yenye faida kwa watoto wa shule za lazima, ikakataza pia kuwaajiri walimu walioko nchi za nje kuwafundisha watoto kwa intaneti. Shirika la New Oriental, lililoanzishwa mwaka 1993, liliachisha kazi watu 60,000, kama mwanzilishi wake Yu Minhong alivyotangaza Januari 2022. Waliofundisha vema na waliofundisha vibaya walikwenda pamoja. Kazi zilizobaki ni chache kuliko zamani, na wenye kuajiri wanaokagua karatasi wamekuwa wakali zaidi. Vishawishi vya kusema uongo havikupungua kwa hiyo, huenda vimeongezeka.

Nimemjibu mwinjilisti yule kwamba kijana aache kazi ile, au amwambie mwenye shule kwamba atasema kwao ni wapi, na matokeo yawe yatakavyokuwa. Nilimwambia pia kwamba tukimwamuru hivyo na kumwacha bila karo, tumemfungia mzigo tusioutaka kuugusa kwa kidole. Na wazazi wapokeao fedha kutoka huko wasikae kimya: waulize zimepatikanaje, kama wangeuliza zingalipatikana mjini.

Ajabu ni kwamba katika mji wa Beijing kimekuwako Kiswahili vyuoni tangu miaka ya 1960, na walimu kutoka kwetu wamekwenda kukifundisha kwa sababu ya kwao, wasiombwe kuficha lolote. Nafasi hizo ni chache sana, nami sitamdanganya kijana yeyote kwamba zamngoja. Lakini vijana wajao kwangu kuomba barua ya usharika kabla ya kusafiri, siku hizi nawaandikia kwanza mahali walipozaliwa, jina la baba na mama, na lugha waliyojifunzia sala zao, ndipo naandika tabia zao. Sidhani kama kuna mtu huko azisomaye. Kijana mwenyewe huisoma njiani.