Mwendo wa Polepole, Ni Fadhila?

Mtu mwenye fedha za kukodi motokari akiiacha na kupanda gari la moshi pamoja na watu wote, je, tumsifu? Wengine watajibu upesi: haraka haraka haina baraka. Lakini methali si hoja. Mama aendaye sokoni kwa miguu naye huenda polepole, wala hatumsifu kwa hiyo. Hana njia nyingine.

Basi tuitazame nchi moja ambapo swali hili laonekana wazi. Katika Uswisi, kando ya ziwa Léman, toka karibu na mji wa Lausanne hadi ngome ya Chillon, kuna miteremko mikali iliyojaa mizabibu. Jina lake Lavaux. Katika karne ya 11 na ya 12 watawa walikata matuta huko na kujenga kuta za mawe, udongo usichukuliwe na mvua. Mvua iliuchukua hata hivyo, na wakulima wakaupandisha tena, vikapu mgongoni. Siku hizi vipo vireli vidogo vya kubebea mizigo, lakini kazi nyingi bado ni ya mikono. Wenyeji husema mizabibu yao ina majua matatu: la mbinguni, la ziwani linalorudishwa na maji, na la kuta zinazotunza joto.

Gari la moshi (tuliite hivyo, ingawa lenda kwa umeme) hutoka Lausanne likifuata ziwa, na kusimama Lutry, Cully, Rivaz na Saint-Saphorin. Lingine hupanda toka Vevey hadi Puidoux, kwa reli iliyofunguliwa mwaka 1904. Safari haifiki robo saa. Mgeni hushuka, hupita vijijini kwa miguu, huonja divai nyeupe ya zabibu ziitwazo Chasselas, kisha hurudi kituoni.

Hapo ndipo naiona haki ya jambo hili. Aliyekunywa bilauri tatu akashika usukani hahatarishi roho yake tu. Mtoto avukaye barabara hakuonja kitu, naye aweza kuuawa. Tena moshi wa motokari na ndege huzidisha joto la dunia, na mkulima, ambaye hakusafiri, huona mavuno yakiwahi kuliko zamani. Si upole wa mwendo unaonihusu, bali nani alipaye gharama ya furaha yangu.

Mtu atasema: reli nayo ilikata mashamba. Ni kweli. Lakini reli moja hushusha mamia ya watu, nao hawahitaji mahali pa kuegesha kitu. Mwaka 1977 raia wa jimbo la Vaud walipiga kura Lavaux ilindwe, isijengwe ovyo. Mwaka 2007 UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia. Sifa hiyo huvuta wageni. Kila mmoja akija na motokari yake, ukuta upi ubomolewe?

Mkaaji wa Bukavu hawezi kufika huko bila ndege, wala hakuna afungwaye kwa lisilowezekana. Akishafika, lakini, kituo ki karibu. Na wakati wa mavuno akumbuke kwamba vile vijia vyembamba ni vya kazi: akikutana na mwenye mzigo, ajibane ukutani ampishe, wala asichume zabibu, hata ile iliyoning'inia njiani.